Kakake Bibi na Meli ya Khedive Ismail

Khitma inaposomwa nyumbani kwetu Mtongwe, marehemu wa ukoo hutajwa mmoja mmoja, na kakake Bibi huwa katika wa mwanzo. Wengine wote tunajua walipolazwa na tunaweza kwenda kung'oa magugu makaburini mwao. Yeye peke yake hana kaburi. Alikuwa mpiga mizinga katika jeshi la Mwingereza wakati wa vita vya Hitler, akapandishwa meli hapo Kilindini mwanzoni mwa Februari 1944, na hakurudi. Nimekuwa nikimtafuta kwa miaka mingi. Mwili wake hauwezi kupatikana, hilo nalijua. Nilichokuwa nikitafuta ni habari zake. Naandika kwa sababu naamini ziko nyumba nyingi Kenya, Uganda na Tanzania ambamo mzee mmoja hutajwa hivyo hivyo, "yule aliyezama na meli", na baada ya hapo hakuna mwenye la kuongeza.

Hata sisi hatukuwa na la kuongeza. Tulichokuwa nacho ni kumbukumbu za Bibi, ambaye kakake alipoondoka alikuwa msichana mdogo, hajaanza hata kuvaa buibui. Alimkumbuka akija likizo na kaptula ya kaki na soksi ndefu, akipanga vijana wa mtaa mstari mmoja na kuwafundisha kwata. Alikumbuka ukucha wake wa kidole gumba cha mkono wa kulia, uliokuwa mweusi tititi. Aliubana kwenye mzinga siku za mafunzo, akawa anamwonyesha mdogo wake kama mtu anayeonyesha nishani. Picha yake haikuwepo. Ukucha huo ndio uliokuwa picha yake, na mpaka leo nikimfikiria naanzia kwenye ule mkono.

Ukisimama Mtongwe unaiona Kilindini ng'ambo ya maji. Bibi alikua akiiona bandari hiyo imejaa manowari, kwani baada ya Wajapani kuishambulia Ceylon mwezi wa Aprili 1942, kundi kubwa la meli za kivita za Uingereza lilihamishiwa Mombasa na kukaa hapo zaidi ya mwaka mzima. Kwa hiyo meli za vita hazikuwa jambo geni kwao. Kilichomuuma mama yao ni kwamba mwanawe alipandia meli mbele ya kwao kabisa bila kuja kuaga. Askari hawakuambiwa wanakopelekwa wala siku ya kuondoka, na waliokuwa wakisubiri safari hawakuruhusiwa kutoka. Kama angeinua macho akiwa sitahani, angeona minazi ya kwao. Bibi alilisema hilo mara nyingi mno, na kila mara sauti ilimkauka.

Habari ililetwa na mzee wa mtaa, naye alikuwa amepewa na ofisi ya DC. Ilikuwa fupi: meli imezama, kijana wenu hajulikani alipo. Kwa mama mtu, kuambiwa mwanao hajulikani alipo ni kugumu kuliko kuambiwa amekufa. Aliyekufa anaombewa, anakaliwa matanga, watu wanatawanyika. Asiyejulikana alipo anabaki njiani. Miaka ikapita mama yao akikataa matanga yasikaliwe. Mambo ya mkewe, msichana aliyekuwa ameolewa muda mfupi tu, yalifika mpaka kwa Kadhi, maana bila ya kuhukumiwa kwamba mumewe amefariki asingeweza kukaa eda wala kuolewa tena. Alipokaa eda ile miezi minne na siku kumi, mama mkwe alihama kwa muda akaenda kwa nduguye Kwale, asiione.

Uvumi nao haukukosa. Wapo waliosema meli ilipigwa nje kidogo ya mwamba, karibu na Likoni. Wapo walioapa kwamba alionekana Bombay, ameoa, ana duka. Hilo la pili ndilo lililomchelewesha mama yao kukubali, na mtu anayepeleka uvumi wa namna hiyo kwa mama aliyefiwa simwelewi mpaka leo, hata kama nia yake ni kumfariji.

Mlango ulifunguka kwa jina la meli. Bibi alikuwa amelishika kama alivyolisikia kwa askari mmoja aliyerudi: "Kediva". Tulidhani ni jina la mahali. Siku niliyokuta, katika kumbukumbu za vita vya bahari ya Hindi, meli iliyoitwa Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo mwezi ule ule, nilisoma ukurasa huo nimesimama.

Meli hiyo ilijengwa Scotland mwaka 1922 kwa ajili ya kampuni ya Chile, ikaitwa Aconcagua. Mwaka 1935 ikauzwa kwa kampuni ya Misri na kupewa jina la mtawala wao wa zamani, Khedive Ismail. Mwaka 1940 Waingereza wakaichukua kubebea askari. Februari 1944 ilikuwa katika msafara uliopewa alama KR 8, wa meli tano za abiria wa kijeshi, zikisindikizwa na manowari kubwa Hawkins, na njiani zikaja manowari mbili nyepesi na za kasi zaidi, Petard na Paladin. Ndani ya Khedive Ismail mlikuwa na watu 1,511. Kati yao 996 walikuwa wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, askari wetu pamoja na maofisa wao. Wengine walikuwa wanamaji wa Uingereza 271, wauguzi zaidi ya 50, wanawake wengine wa jeshi, na mabaharia wa meli yenyewe. Askari wa mizinga walikuwa wakienda kuungana na wenzao wa Afrika Mashariki waliokuwa wakijiandaa kupigana Burma, ile vita ambayo wazee wetu huiita ya Bama.

Jumamosi tarehe 12 Februari walikuwa karibu na Maldives, zaidi ya kilomita 3,500 kutoka Mombasa. Hapakuwa mwambani Likoni. Ilikuwa saa nane na kitu mchana, watu wamekula, wengi wameteremka ukumbini kutazama tamasha la muziki. Nyambizi ya Kijapani I-27, chini ya kamanda Toshiaki Fukumura, iliachia topido, yale makombora ya chini ya maji. Mbili ziliipata Khedive Ismail. Meli ikazama katika muda wa dakika mbili hivi. Hebu fikiri ni muda gani huo kwa mtu aliye chini ya sitaha, katikati ya mamia ya watu, na ngazi ni moja au mbili, na meli imelala ubavu. Walikufa watu 1,297. Waliookolewa walikuwa wanaume 208 na wanawake 6.

Nilidhani nikishafika hapo nimemaliza. Bado kulikuwa na sehemu nyingine, na hiyo ndiyo iliyonikosesha usingizi.

Nyambizi haikukimbia. Ilijificha chini ya pale pale walipokuwa wanaelea waliosalia. Meli nyingine za msafara zilikuwa na maelfu ya watu na hazingeweza kuachwa ziwindwe moja baada ya nyingine. Kwa hiyo wakati Paladin ikiokoa watu, Petard ilipita na kudondosha mabomu ya kulipuka chini ya maji, na miongoni mwa waliokuwa majini wakiomba msaada wapo waliouawa na mabomu hayo. Nyambizi ikalazimika kuibuka. Paladin ikajaribu kuigonga, yenyewe ikapasuliwa ubavu, na hatimaye topido ya Petard ikaimaliza I-27. Katika Wajapani waliokuwamo alitoka mmoja tu hai. Manowari zikarudi kuokota waliobaki.

Nimesoma maelezo ya watu waliomlaumu nahodha wa Petard na ya waliomtetea. Binafsi sioni angefanya nini kingine, na bado siwezi kulikubali. Mambo haya mawili ninayo yote kifuani na nimeacha kujilazimisha kuchagua moja.

Swali lililobaki lilikuwa kama nimwambie Bibi. Alikuwa mzee sana wakati huo, lakini akili yake haikuwa na ukungu hata kidogo. Baba alisema nimweleze mahali meli ilipozamia na tarehe, basi. Shangazi alisema nisimweleze chochote, amekwishazoea. Niliona kwamba mtu aliyeishi umri wake wote na uvumi ana haki ya kupewa ukweli, na kwamba ni yeye wa kuamua anataka kiasi gani. Nikaenda kwake baada ya Alasiri. Nikamweleza kidogo kidogo, nikinyamaza kila nilipofika mahali pa kunyamaza, ili akitaka iishie hapo iishie hapo. Hakutaka iishie. Kila niliponyamaza alisema, "Haya, mwanangu. Kisha?"

Tulipofika kwenye yale mabomu ya Petard alikaa kimya, akazungusha tasbihi yake, halafu akaniuliza kama kakake alikuwa ndani ya meli au juu ya maji. Nikamwambia, "Bibi, hilo halikuandikwa popote. Wengi walikuwa ndani." Nilijiandaa kwa maswali kuhusu maumivu. Hakuyauliza. Aliuliza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria: "Alikuwa na watu wa kusema nao?"

Nilimwambia askari wengi wa kikosi kile walitoka kwetu huku, Kenya na nchi jirani, na lugha ya safu ilikuwa Kiswahili. Akataka nirudie hesabu. Nikarudia: karibu 1,000. Akatikisa kichwa kwa muda mrefu. Kumbe miaka yote ile, katika ile picha aliyokuwa nayo, kakake alikuwa amezama peke yake katikati ya Wazungu, hana hata wa kumwambia "shika mkono wangu". Hicho ndicho kilichokuwa kikimla. Topido, kina cha bahari, Wajapani, vyote hivyo kwake vilikuwa mambo ya pembeni. Jioni hiyo alimpigia shangazi simu kumwambia kwamba kakake alikuwa na wenziwe.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwaambia wanaotafuta watu wao: usikate shauri wewe ni sehemu gani ya habari itamuumiza mzee na ipi itampoza. Mpe fursa aulize. Maswali yake hayatakuwa yako.

Sheikh wetu alitusaidia kwa namna yake. Alitukumbusha kwamba Mtume amemtaja aliyekufa maji miongoni mwa mashahidi, akatuongoza katika sala ya ghaibu, ile anayosaliwa maiti asiyekuwepo. Matanga yaliyokataliwa na mama yao yakakaliwa kwake yeye na kwa mwanawe kwa pamoja. Watu wa imani na mila nyingine wana yao. Waluo, mtu akipotea na mwili usipatikane, huzika tunda la yago mahali pake, likapewa heshima zote za maiti. Nilipoambiwa hivyo na rafiki wa Siaya niliona wivu kidogo. Kuwa na mahali pa kusimama ni jambo kubwa, hata kama kilichoko chini ni tunda.

Mahali pa kusimama tulikuja kupapata Nairobi. Katika makaburi ya vita ya barabara ya Ngong kuna ukumbusho wa Afrika Mashariki, na humo yameandikwa majina ya wanajeshi wasio na kaburi linalojulikana, wakiwemo wengi wa kikosi cha mizinga waliopotea na Khedive Ismail. Nilikwenda na Baba. Majina yamepangwa kwa kikosi, kisha kwa cheo, kisha kwa herufi, safu kwa safu, na ukianza kuyasoma unatambua makabila ya watu kabla hujatambua mtu: huyu wa Ukambani, huyu wa Nyanza, huyu wa ng'ambo ya Namanga. Baba alipita na kidole bila kukigusisha ukutani, taratibu, kama anayefuata aya kwenye msahafu. Kidole kilisimama. Jina lilikuwa lake na halikuwa lake. Karani wa jeshi aliyemwandikisha aliliandika kama sikio lake lilivyosikia: herufi mbili zimebadilika, na jina la baba yake limekatwa nusu. Ndiyo maana nilikuwa nimelikosa kila nilipolitafuta kwa tahajia yetu.

Baba alilisoma kwa sauti kama lilivyoandikwa, kisha akalisoma kama linavyoitwa nyumbani. Tukasoma Fatiha. Kijana mtunza bustani alizima mashine yake ya kukatia majani mpaka tulipomaliza, na sikupata kumshukuru vizuri.

Jina ukutani si jambo dogo. Wanaopita barabara kuu mjini Mombasa wanaziona zile sanamu za askari, kama zile za Nairobi na Dar es Salaam. Hizo ni za vita vya kwanza. Maandishi yake, ya Kiswahili yakiwemo, yanawaahidi waliokufa kwamba wana wao watayakumbuka majina yao, lakini majina yenyewe hayapo pale. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vya kwanza, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ahadi ilitolewa, majina hayakuwekwa. Askari wa Khedive Ismail walipata majina, na kwangu hata herufi mbili zilizokosewa ni bora mara elfu kuliko sanamu isiyo na jina. Lakini zirekebishwe. Tume hiyo hupokea marekebisho kutoka kwa familia zenye ushahidi, na sisi tumepeleka wa kwetu: hati ya Kadhi yenye jina lake kamili na la baba yake, pamoja na nambari yake ya jeshi. Tunasubiri.

Jambo jingine limenishangaza katika safari hii. Watu waliokufa ndani ya dakika zile mbili, katika maji yale yale, wametawanywa kwenye kuta za dunia. Wapiga mizinga wako Nairobi. Wanamaji wa Uingereza wasio na kaburi ila bahari huandikwa kwenye minara mitatu ya Portsmouth, Plymouth na Chatham, kila mmoja kwa bandari aliyosajiliwa. Mabaharia wa Kihindi, waliozitumikia meli za Uingereza kwa maelfu na maelfu, ukumbusho wao ni kitabu, na nakala zake zimewekwa Mumbai na Chittagong. Anayetaka kuwakumbuka watu wa meli moja itambidi avuke bahari mara kadhaa. Kwa hiyo sisi nyumbani tumeamua kwamba tarehe 12 Februari dua yetu iwe ya meli nzima, wa kwetu na wasio wa kwetu, na mpwa wangu, ambaye ni baharia wa meli za mizigo, ndiye aliyeomba tuwaingize na wale wa nyambizi. Palizuka mjadala mrefu. Shangazi hakukubali, na hakubali mpaka leo. Sina haki ya kumlazimisha; aliyelelewa na mama anayengoja mtu ni yeye, si mimi.

Bibi alifariki akiwa amekwishajua tuliyoyapata ukutani. Nilimletea jina limechapwa kwa herufi kubwa kwenye karatasi, akalitazama, akacheka kwa namna lilivyoandikwa, akasema kakake angegombana na karani huyo.

Sasa kazi iliyobaki ni ya watu wengine zaidi yetu. Wapiga mizinga wa meli ile walikuwa na mama, wake na wadogo zao, na wengi wa wadogo hao wamekwishaondoka au wako karibu. Ukiwa na mzee nyumbani aliyetajiwa "Kediva", au meli ya askari iliyozama njiani kwenda Ceylon au Bama, kaa naye mwezi huu, usingoje likizo. Muulize majina yote ambayo mtu huyo aliitwa, la utani likiwemo, jina la baba na la babu, kijiji kama kilivyoitwa wakati ule, na kama kuna karatasi yoyote yenye nambari ya jeshi, hata risiti ya pesa zilizochukuliwa kwa DC. Kisha ingia kwenye orodha ya Tume ya Makaburi, ambayo iko wazi kwa yeyote kwenye intaneti bila malipo. Tafuta kwa tarehe 12 Februari 1944 na kwa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, halafu usome majina yote yanayotokea mpaka la mwisho, kwa sauti. Wa kwetu hatukumpata kwa macho kwenye ile orodha. Tulimpata pale Baba aliposikia namna Mwingereza alivyoweza kulisikia jina letu.